Mpelelezi Mwanamke Asiye na Makuu, Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waandishi wa Riwaya za Upelelezi

Ukurasa huu ni wa mtu anayeandika riwaya ya upelelezi ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke, mpelelezi wa kujitegemea, mtulivu, anayefanya kazi zake Mwanza au kwenye mialo ya Ziwa Victoria, yaani fukwe zinakotia nanga boti za uvuvi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wanaoniletea miswada. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoanguka. Mengine yanatosha kwa mistari miwili.

Kwa nini awe mtulivu? Si msomaji anataka msisimko?

Anautaka, na lazima aupate. Lakini tazama tulikotoka. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitujia na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa 1960. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na bastola ikawa sehemu ya mavazi ya mpelelezi. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, akiwa na Nuru, mwenzake wa kike, ubavuni. Nuru ana akili na moyo wa chuma, ila kesi zinaitwa za Joram.

Nawapenda wote hao, na sitaki mtu awadharau. Ninachosema ni kwamba kiti kimoja kimebaki wazi barazani: cha mwanamke anayeshika kesi kwa jina lake mwenyewe, bila gari la kifahari, bila mtu wa kumtambulisha. Msisimko wake unatoka mahali pengine. Msomaji anajua kwamba huyo mwanamume anayecheka kwenye kiti cha plastiki ndiye aliyeua, na mpelelezi wetu amekaa naye meza moja anachambua miiba ya sato, anamuuliza habari za watoto. Hapo moyo unakwenda mbio kuliko kwenye ukurasa wowote wa kufukuzana kwa magari.

Je, inaaminika kwamba mwanamke anaweza kuishi kwa kazi hii?

Inaaminika, na si jambo la leo. Mwaka 1856, Chicago, mwanamke aitwaye Kate Warne alikwenda kwa Allan Pinkerton, mwenye shirika la upelelezi, kuomba kazi ya upelelezi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwanamke anaweza kujenga urafiki na wake na wapenzi wa wahalifu, na siri zao zikatoka bila kuombwa. Akaajiriwa. Mwaka 1861, kulipokuwa na njama ya kumuua Abraham Lincoln akipita Baltimore, Warne alisafiri naye kwenye treni ya usiku, Lincoln akipitishwa kama ndugu yake mgonjwa. Hakuna aliyemtazama mara mbili mwanamke anayemuuguza kaka yake.

Hoja ya Warne inasimama hapa kwetu bila kubadilishwa. Mwanamke wa makamo mwenye kitenge na kikapu anaingia msibani, jikoni, wodini, kisimani na kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, na hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Mwanamume mgeni akisimama mwaloni nusu saa bila kununua kitu, watu wanaanza kunong'ona.

Awe na kazi gani nyingine?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na waandishi wengi wanalipita haraka. Wanampa "zamani alikuwa polisi" kisha wanaendelea. Nakuomba usifanye hivyo. Mpelelezi wa riwaya hii anashinda kwa sababu anajua kazi za watu: inachukua muda gani, inachafua mkono upi, inaacha alama gani, inalipa siku gani. Mtu anaweza kudanganya kuhusu alikokuwa. Ni vigumu sana kudanganya kuhusu kazi mbele ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Kwa hiyo mpe kazi halisi, na uijue hadi chini. Karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo ameona mirathi nyingi zikivurugika. Anajua wadogo wa marehemu huja na sauti gani pale mjane anapotajwa, na anatambua muhuri uliogongwa juu ya saini badala ya saini kuja juu ya muhuri. Fundi cherehani anajua nguo iliyopunguzwa kiuno mara mbili ndani ya miezi mitatu: mwenye nguo anaumwa, au ana mawazo. Nesi aliyestaafu anajua nani hurudi kliniki peke yake na nani husindikizwa na mtu anayejibu kwa niaba yake.

Mimi nikiambiwa nichague, nachagua mchuuzi wa dagaa. Mtu aliyekaa miaka mwaloni anajua ratiba ya mwezi, bei ya petroli, nani anamdai nani, boti ipi imebadilishwa rangi, na kijana yupi ghafla anakunywa soda za wenzake wote. Anasafiri visiwani kufuata mzigo, hivyo ana sababu ya kuwa popote. Tena ana daftari la madeni, na daftari la madeni ni jalada la upelelezi lililoandikwa kabla ya kosa kutendeka.

Umri? Arobaini na tano kwenda juu. Awe amefikia umri wa kuamkiwa na wengi, maana shikamoo inamfungulia mazungumzo na mtu yeyote.

Kisheria anaruhusiwa kufanya nini?

Kuuliza, kutazama, kusikiliza, kuandika, kupiga picha mahali pa hadhara, kukaa benchi la nyuma mahakamani shauri likisikilizwa. Hana mamlaka ya kupekua nyumba ya mtu. Hana mamlaka ya kumwita mtu aje kuhojiwa. Akimwona mtu anatenda kosa kubwa mbele ya macho yake anaweza kumkamata kama raia mwingine yeyote, lakini lazima amkabidhi polisi bila kukawia. Akijifanya askari, yeye ndiye mhalifu.

Waandishi wanaona vikwazo hivi kama mzigo. Mimi naona ndivyo vinavyoibeba riwaya. Mpelelezi asiye na hati ya upekuzi analazimika kutafuta njia ya kukaribishwa ndani. Asiyeweza kumlazimisha mtu kujibu analazimika kumfanya atake kusema. Kila ukurasa unakuwa na kazi ya kufanya.

Simu na kumbukumbu zake je? Si zinamaliza kesi mara moja?

Zinamaliza riwaya mbaya. Nimesoma miswada mingi ambamo mpelelezi ana "rafiki yake kampuni ya simu" anayemtolea orodha ya waliopigiana. Huyo rafiki anavunja sheria, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hali yake ni mbaya zaidi. Ukimtumia, basi apatwe na madhara: afukuzwe kazi, na mpelelezi abebe lawama hiyo hadi mwisho wa kitabu.

Kuna njia halali zenye ladha zaidi. Mteja mwenyewe anaweza kuonyesha ujumbe wa miamala uliobaki kwenye simu ya mumewe aliyepotea. Wakala wa pesa za simu anaweza kukumbuka, bila kuonyesha daftari lake, kwamba mzee fulani alikuja siku hiyo na kijana asiyekuwa mwanawe, na kijana ndiye aliyebonyeza namba ya siri. Kadi za simu siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mhalifu mwerevu hutumia kadi ya mtu mwingine: bibi yake kijijini, kibarua wake, marehemu. Ukimfuatilia bibi huyo kijijini unapata sura nzima ya kitabu.

Anazipataje taarifa bila kuonekana anapeleleza?

Kwa kununua kitu. Kwa kusalimia ipasavyo. Kwa kutouliza swali lenyewe. Tuseme anaitwa Mama Kabula, na anataka kujua kama kuna boti iliyotoka usiku wa juzi. Yuko Mwaloni, Kirumba, asubuhi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za hapa?"

"Nzuri. Karibu dagaa. Wamekauka hawa, hawana mchanga hata punje."

Mama Kabula aliokota mmoja, akamvunja kwa kidole gumba. Alikatika bila kupinda.

"Wa lini hawa?"

"Wa wiki iliyopita."

"Wapya hakuna?"

"Wapya watoke wapi mama, na mbalamwezi yote hii?"

"Nilidhani juzi kuna boti ilitoka kule Igombe."

"Ilitoka moja. Ikarudi haina hata sado." Muuzaji aligeuka kuangalia nyuma, kisha akarudisha macho kwenye gunia. "Watu na mambo yao."

"Haya, nipimie ya elfu tano. Usinibanie."

Hapa hakuna aliyehojiwa. Mama Kabula ameondoka na mambo matatu: boti ilitoka, haikwenda kuvua dagaa, na muuzaji anamwogopa mtu. Tena ameondoka na mboga ya jioni. Ukiweza kuandika kurasa kumi za namna hiyo, kila moja ikificha kitu, umepata riwaya.

Fumbo lenyewe nilijenge juu ya nini?

Juu ya namna ziwa na mji vinavyofanya kazi kweli. Nitataja machache ambayo sijaona yakitumiwa vya kutosha.

Mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wa dagaa wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, wana fedha mfukoni, na ugomvi unazaliwa. Mtu akisema alikuwa kwenye dagaa usiku wa mwezi mpevu, amejifunga kamba mwenyewe. Na shahidi akisema alimtambua mtu kwa sura ufukweni usiku ambao boti zote za dagaa zilikuwa majini, muulize aliona kwa mwanga gani. Weka kalenda ya mwezi pembeni ya mswada wako tangu sura ya kwanza.

Upepo nao una tabia. Usiku na alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana, jua likishapasha ardhi, hugeuka kuja ufukweni. Mtumbwi uliofunguliwa kamba saa kumi usiku hauendi upande mmoja na uliofunguliwa saa kumi jioni. Mpelelezi aliyekulia mwaloni anaweza kutaja saa ya kosa kwa kuangalia mtumbwi ulikokwama kwenye magugu maji.

Kisha kuna sanduku la kikoba. Vikundi vingi huweka fedha kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kesi ya chumba kilichofungwa kwa ndani, ile iliyowafurahisha wasomaji wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja, sisi tunayo chini ya kitanda cha mweka hazina. Sanduku halijavunjwa, kufuli zote nzima, fedha hazimo, na wanawake watatu wanatazamana. Sihitaji maiti hata moja kuendelea kusoma.

Injini za boti pia. Wizi wa injini na nyavu ni kilio cha wavuvi ziwani, na ziwa hili lina nchi tatu. Injini iliyopotea Ukerewe inaweza kuuzwa Uganda au Kenya. Injini ina namba. Namba iliyokwaruzwa huacha chuma chenye mng'ao tofauti na kingine. Na mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo, yanayosafirishwa hadi Uchina kwa bei inayozidi mbali ya minofu, yametosha kugombanisha ndugu waliokuwa wakivua pamoja. Mfuko mmoja tu unabebeka chini ya kiti cha basi.

Mwisho wa orodha hii, daraja. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya siku hiyo, aliyetaka kuvuka pale kwenda Sengerema au Geita alisubiri kivuko, alionwa na watu kwenye foleni, alinunua karanga. Leo anavuka kwa dakika chache bila kusemezana na mtu. Kwa hiyo amua mwaka wa hadithi yako mapema. Mhalifu wa 2019 ana ushahidi wa kivuko wa kumtetea au kumwangusha. Wa 2026 hana. Na kama kesi ya zamani inafufuliwa leo, msomaji kijana atashangaa kwa nini mtu alihitaji saa nzima kufika ng'ambo. Mshangao huo unaweza kuwa ndio ufunguo.

Lazima kuwe na mauaji?

Hapana. Kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, dada wa kazi aliyeondoka bila mshahara wake na hajafika kwao, mume aliyekwenda kambini kisiwani na kuacha kupokea simu, mjane aliyeondolewa kwenye mirathi kwa saini ambayo si yake: hizi ni kesi kamili. Kama utaua, ua mmoja, na mfanye msomaji awe amemzoea kabla hajafa.

Mwili ukiwa majini, kumbuka kwamba maji ya ziwa letu ni ya vuguvugu, hivyo uliozama huibuka baada ya siku chache tu, wala si lazima uibuke pale ulipozamia. Usiandike kwamba daktari aliutazama ufukweni na kusema papo hapo kuwa mtu huyu aliuawa kwanza. Mwili unapelekwa hospitali, Sekou Toure au Bugando kama ni mjini, na ndugu wanangoja nje wakiulizana nani atalipa gari.

Polisi niwaweke wapi? Wawe wabaya?

Wawe watu wenye kazi nyingi. Katika miswada mingi askari ni ama mpumbavu ama mla rushwa, na msomaji anachoka. Mpe mpelelezi wako askari mmoja, labda mwanamke wa Dawati la Jinsia na Watoto, ambaye hawaelewani kila siku lakini wanaheshimiana. Askari ana mipaka yake: ana jalada, ana mkubwa wake, ana gari lisilo na mafuta. Mama Kabula ana muda. Akishapata ushahidi wa kutosha lazima ampelekee, maana yeye hawezi kumfikisha mtu mahakamani. Hapo mivutano mizuri inazaliwa, hasa ikiwa ushahidi ulipatikana kwa ahadi ya kutomtaja mtu.

Maelezo madogo yana uzito. Mtu aliyejeruhiwa anaulizwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Mgeni anayehamia mtaani anapaswa kujulikana kwa mwenyekiti wa mtaa. Vijijini kuna sungusungu, waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo; wanaweza kumfikia mtuhumiwa kabla ya polisi, na mpelelezi wako akajikuta anapigania uhai wa mtu ambaye hata yeye anamshuku.

Naweza kutumia ushirikina?

Unaweza kuandika kwamba watu wanauamini. Usiufanye kuwa jibu la fumbo. Msomaji aliyekufuata kurasa mia mbili akihesabu dalili, kisha ukamwambia ni jini, hatafungua kitabu chako kingine.

Lakini hapa kuna jambo zito zaidi ya ufundi. Kanda ya Ziwa imeua vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Wengi walinyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa miaka mingi wa kuni na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Hizi ni familia zilizo hai, zinasoma, na baadhi zinaweza kusoma kitabu chako. Usitumie vifo hivyo kuleta kitisho cha sura ya kwanza kisha ukaviacha.

Ukiamua kuvigusa, basi fanya kile ambacho riwaya ya upelelezi inaweza kukifanya vizuri kuliko mahubiri: uliza nani anafaidika. Bibi aliyeuawa alikuwa na shamba karibu na barabara mpya? Nani alimlipa mpiga ramli chonganishi, na alilipa lini, kabla au baada ya mtoto kuugua? Nani alikuwa wa kwanza kulitamka jina la bibi huyo? Mama Kabula akilifuatilia neno hilo kinywa kwa kinywa, kutoka kilabuni hadi kisimani hadi sebuleni kwa mpwa wa marehemu, anaonyesha jinsi uvumi unavyotengenezwa na mtu mwenye hesabu zake. Na huyo bibi mpe maisha: alipenda nini, alimkaripia nani, alipika nini. Asiwe maiti tu.

Mji niuonyesheje? Mimi sijawahi kukaa Mwanza.

Nenda. Kama huwezi kwenda sasa, angalau usiandike Mwanza ya kadi ya posta. Mawe ya Bismarck yatajwe mara moja na yaachwe. Mji huu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe: nyumba zimepanda vilima vya Mabatini na Igogo, ngazi na vichochoro mahali ambapo gari halifiki, na mtu anayejua njia za mlimani anamfikia mwenye pikipiki kabla hajazunguka barabara. Capri Point kuna ukimya na kuta ndefu. Bugando iko juu ya kilima chake, unaiona kutoka karibu kila mahali. Mabasi ya stendi moja hayakupeleki kule yanakokupeleka ya stendi nyingine. Shahidi anayesema alimsindikiza mgeni hadi stendi isiyo ya njia yake, mtilie shaka.

Kosa moja linafanywa sana na waandishi wa Dar es Salaam. Nchi nzima inatumia saa moja, lakini Mwanza iko magharibi zaidi, hivyo jua huzama huku baada ya kule kwa kama dakika 25. Saa kumi na mbili na nusu jioni Mwanza bado unamwona mtu sura. Ukiandika "giza lilikuwa limetanda" saa hiyo, msomaji wa Kitangiri atafunga kitabu.

Waongee Kiswahili gani?

Cha Kanda ya Ziwa, bila kukifanya kichekesho. Usimfanye kila Msukuma aseme Kiswahili kibovu. Huo ni uvivu na ni dharau. Mzee anaweza kuamkia kwa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi na kuendelea kwa Kiswahili safi. Kumbuka pia kwamba mwaloni unakusanya Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wajaluo, Wakurya. Mpelelezi anayejua lugha mbili tatu za ziwa na anayejifanya hajui hata moja ana silaha kubwa kuliko bastola ya Willy Gamba.

Zingatia anayemwita nani nini. Mwenye boti ni tajiri kwa vibarua wake, hata akiwa amefilisika. Mpelelezi ni mama kwa vijana, dada kwa wanaume wa rika lake, bibi kwa watoto wa mlimani. Anayembadilishia jina katikati ya mazungumzo, akatoka "mama" akaingia "wewe mwanamke", ameshaogopa.

Awe na mume? Awe na mapenzi?

Awe na watu. Mjukuu anayelala naye chumba kimoja, mdogo wake anayemkopa, shemeji anayeona kazi hii ni aibu. Mapenzi ni hiari yako. Ila asiokolewe na mwanamume katika sura ya mwisho.

Naweza kuitumia ajali ya MV Bukoba?

Tarehe 21 Mei 1996 mamia ya watu walizama na meli hiyo karibu na Mwanza, na wengi wamelala Igoma. Kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Karibu kila familia ya hapa ina jina kwenye orodha hizo au inamjua mwenye jina. Mhusika anaweza kuwa yatima wa 1996; mtu mzima aliyedhaniwa kazama anaweza hata kuwa chanzo cha kesi ya mirathi. Lakini iandike ukiwa umekaa na walioachwa, na usibuni ushujaa au uzembe wa mtu yeyote halisi aliyekuwemo.

Iwe na urefu gani?

Maneno elfu hamsini hadi sabini yanatosha. Ukiitoa kwa sehemu kwenye simu, kila sehemu iishe na swali jipya, na usimwongeze mtuhumiwa mpya baada ya nusu ya hadithi. Mwuaji awe amekwishaonekana, amekwishasema, ikiwezekana amekwishamfadhili mtu chai.

Mhalifu lazima akamatwe?

Lazima ajulikane. Kukamatwa ni jambo jingine. Nimesoma mswada ambamo mpelelezi alimjua mwizi wa kikoba, akagundua fedha zilikwenda kumlipia mtoto upasuaji, akaita wale wanawake watatu wenye funguo na kuwaachia waamue. Walibishana kurasa kumi na mbili. Sikutaka ziishe. Lakini kama umeua mtu, hasa mnyonge, usimwachie mwuaji aende zake kwa sababu tu maisha ndivyo yalivyo. Msomaji wetu anaona hayo kila siku. Alifungua kitabu apate walau mahali pamoja ambapo mtu alifuatilia hadi mwisho.

Nani asome kabla sijachapisha?

Wasomaji watatu ambao si waandishi. Mmoja awe amefanya kazi ziwani, akuambie kama boti yako inaweza kufika Ukerewe kwa mafuta uliyoipa. Mmoja awe amekaa mahakamani au kituoni miaka ya kutosha. Wa tatu awe mwanamke wa umri wa mpelelezi wako, anayefanya kazi ile ile uliyompa. Mwombe akuonyeshe kila mahali ambapo mhusika amefanya jambo ambalo yeye asingelifanya: ameshika ndoo vibaya, ameamka kwa kuchelewa, amelipa bila kuomba apunguziwe. Usimtumie faili na kungoja. Nenda ukae naye, msomee kwa sauti wakati anapanga mzigo, kalamu mkononi. Na kabla hujaondoka, mlipe asubuhi yake.